Kopo la Jabalini

Siku mpima ardhi alipoingia bustanini kwetu mara ya kwanza, nilidhani ni mganga. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi jekundu, akaniomba ruhusa ya kuficha kitu katika eneo la makumbusho.

"Kitu gani?" nikamuuliza.

"Kopo, dada. Kopo dogo lenye kifuniko."

"Ndani mna nini?"

"Daftari na penseli. Na vitu vidogo vidogo, kifungo, shanga, kitu kama hicho."

Mkoani kwetu, mtu akikuambia anataka kuficha kopo lenye shanga kwenye ardhi ya serikali, humcheki. Nilimwambia akae kwenye benchi, nikaenda kumwita mkuu wangu wa kazi, mzee mpole aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu.

Bustani yetu ni ndogo. Mtu mwenye haraka anaimaliza kwa nusu saa. Lipo boma la mawe lililojengwa na Wajerumani, Waingereza wakalifanya mahakama, na sisi tukalifanya makumbusho ya vyumba vitatu: majembe na mizinga ya nyuki katika cha kwanza, vibuyu na mawe ya kusagia katika cha pili, na katika cha tatu taa za stesheni na kengele moja ya reli ambayo wageni wote hutaka kuigonga. Nyuma ya boma kuna tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, iliyojengwa na wazee waliokuja kutoka vijiji vya Ikungi ili vijana waone babu zao walivyoishi. Ukipita tembe unakutana na majabali, makubwa kama nyumba, yamepandana. Upepo wetu wa Singida ukianza mwezi wa saba, unapita katikati ya majabali yale ukitoa sauti ya mtu anayepuliza chupa.

Mkuu wangu alikuja, akapokea shikamoo yake, akamsikiliza mpaka mwisho. Mgeni alieleza kwamba yeye ni mpima ardhi, yuko kwenye mradi wa kupima mashamba ya vijiji ili wananchi wapewe hati, na kwamba nje ya kazi ana mchezo wake. Mchezo wenyewe una jina la Kizungu ambalo ulimi wangu ulilikataa tangu siku hiyo. Mimi nimeuita mchezo wa kopo mpaka leo. Mtu anaficha kopo mahali penye historia au penye mandhari nzuri, anaandika namba za mahali hapo kwenye mtandao, zile namba za ramani zinazosomwa kwa setilaiti, na mtu yeyote duniani mwenye simu janja anaweza kuzifuata mpaka afike. Akilipata kopo, anaandika jina lake na tarehe kwenye daftari. Akitaka kuchukua kitu kidogo kilichomo, aache kingine. Kisha analirudisha palepale.

"Halafu anapata nini?" nikauliza.

"Hapati kitu. Amelipata tu."

Mzee aliuliza swali moja. "Mnachimba?"

"Hapana, mzee. Mchezo wenyewe unakataza kuchimba. Tunaficha panapofichika."

"Basi kama hamchimbi, na kopo halina dawa, mwache afiche. Lakini huyu binti ndiye atakayeliangalia. Mimi magoti yangu hayataki majabali."

Binti mwenyewe nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Tulizunguka naye mchana ule tukitafuta mahali. Alikuwa mtu wa kusimama sana. Anatembea hatua tano, anasimama, anatazama kifaa chake, anatazama mbingu, anasogea. Mwisho tulipata ufa kwenye jabali la tatu nyuma ya tembe, kimo cha kifua, mvua haifiki. Akaliingiza kopo, akaziba na kijiwe bapa, akaniambia nirudi nyuma nitazame kama linaonekana.

"Halionekani," nikasema.

"Wakija watu wakakuuliza liko wapi, usiwaambie. Hata wakikuomba."

"Na wakishindwa?"

"Watarudi siku nyingine."

Kwa miezi miwili hakuja mtu. Nilikuwa nikienda kulitazama kila Ijumaa kabla ya kufunga, nalikuta lilivyo, daftari jeupe. Nilianza kumhurumia mwenye kopo. Halafu siku moja akaingia dereva wa lori aliyekuwa akitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, mtu mnene, ameegesha gari lake nje ya lango. Alilipa kiingilio, akaipita kengele ya reli bila kuitazama, akaenda moja kwa moja nyuma huku ameshika simu kama mtu anayebeba kikombe cha chai iliyojaa. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi mikono ilikuwa na mikwaruzo na uso unacheka wenyewe.

"Mama, mna bustani nzuri hapa," akaniambia. "Nimepita barabara hii miaka sijui mingapi, sikujua."

Nilienda kusoma alichoandika. Tarehe, jina, na maneno haya: nimepumzika vizuri. Jioni ile nilimpigia mpima ardhi, maana alikuwa ameniachia namba yake, nikamsomea. Alikuwa kijijini huko Mkalama. Akasema, "Nisomee tena."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzungumza.

Mradi wao ulikuwa na kambi sehemu mbalimbali, na kila walipohama kutoka kijiji kwenda kijiji alipitia mjini. Akifika mjini anapita bustanini. Mwanzoni alikuja kwa ajili ya kopo, kubadilisha mfuko wa nailoni, kuchonga penseli. Baadaye kopo halikuwa na tatizo lolote na bado alikuja. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, akanieleza mambo ya mipaka. Alisema kazi yake si kupima ardhi, ni kusikiliza ndugu wawili waliogombana tangu baba yao afe, mpaka wachoke, ndipo apime. Mimi nilimweleza habari za vibao. Ndimi niliyekuwa naandika kwa mkono maelezo ya vitu vyote vya makumbusho, na mwaka ule nilikuwa naviandika upya. Alisoma kila kibao kwa makini. Kwenye kibao cha jiwe la kusagia aliniuliza kwa nini nimeandika "lilitumika" wakati kwa mama yake, Iramba, bado linatumika. Nikabadilisha.

Nilikuwa sijaolewa. Sikuwa nimekataa, mambo yalipita tu. Nilipofika thelathini na tatu Mama alipata kiharusi, upande wake wa kulia ukalala. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshaolewa Kinyangiri, ana watoto na ng'ombe. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, nikabaki nyumbani. Asubuhi namwogesha Mama, namvika, namlisha uji wa uwele, jirani yetu anakuja kukaa naye, nami naenda kazini. Jioni ninarudi. Miaka minane ilikuwa imepita hivyo, na sikuwa nikijihesabu kama mtu mwenye shida.

Jumamosi moja, wakati wa kuvuna alizeti, mpima ardhi aliniambia nimwombe jirani akae na Mama siku nzima, kuna kopo anataka nikalitafute mwenyewe. Alikuja na pikipiki ya mradi. Tulishika barabara kuu hadi Ihanja, tukaacha lami, tukapita katikati ya mashamba, watu wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo na mbegu zinaruka. Chini ya kilima kimoja akazima pikipiki na kunipa kifaa chake.

"Leo ni yako. Mimi ni dereva tu."

Kifaa kilionyesha mshale na umbali. Mita mia tatu na kumi. Nikatembea. Mia mbili. Nikapotea, umbali ukaanza kuongezeka, nikageuka, naye yuko nyuma yangu kimya kabisa kama alivyoahidi. Hamsini. Ishirini. Sita. Kifaa kikaniambia nimefika, na palikuwa na mgunga mmoja, mawe, na nyasi kavu. Nilizunguka mti ule mara nne. Niliinua kila jiwe. Nilipandwa na hasira, nikamtazama, akatazama pembeni. Ndipo nikaona shina la mgunga limepasuka upande wa juu, na kwenye mpasuko kuna gome limewekwa kinyume.

Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya siku ile niliyocheka kwa sauti nje ya nyumba.

Ndani ya kopo hapakuwa na daftari. Palikuwa na miwani ya kusomea, imefungwa kwenye kitambaa.

"Kopo hili sijaliweka mtandaoni," akasema. "Ni la mtu mmoja."

Niliivaa palepale nikatazama kiganja changu. Mistari yote ikaja.

"Umejuaje namba ya macho yangu?"

"Sikujua. Nimekuona unavyoandika vibao, unanyoosha mkono karatasi iende mbali. Nilimwonyesha muuzaji urefu wa mkono wako."

"Ulinipima mkono?"

"Kwa macho tu," akasema. "Ndiyo kazi yangu."

Tulirudi polepole. Ihanja tulikula kuku wa kuchoma na ndizi, tukazungumza habari za mvua.

Alikuja nyumbani kumsalimu Mama. Aliinama, akasema shikamoo kwa sauti ya kutosha kwa sababu alidhani Mama hasikii vizuri. Mama alikuwa anasikia kila kitu. Aliitika marahaba, akamwuliza, kwa maneno yanayotoka moja moja, "Wewe ndiye unayepima mashamba ya watu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kaka yangu alipimwa. Mti wa baba yetu ukawa wa jirani."

"Nitakwenda kuuona huo mti," akasema.

Na kweli alikwenda. Alirudi baada ya wiki mbili akamwambia Mama kwamba mti ameukuta, kaka yake alikuwa na haki, lakini mpaka ulishasainiwa na wote waliosaini wamekufa. Mama alikubali maneno hayo kuliko pole zote alizowahi kupewa. Tangu siku hiyo akija, Mama anataka akae upande wake wa kushoto, ule ambao mkono wake bado unahisi.

Sisi ni Waislamu, yeye ni Mlutheri. Mjomba wangu alilisema hilo mara moja, Mama akamjibu kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika, na halikusemwa tena.

Mradi ulipokwisha, alipata kazi Itigi. Alikuja kuniambia bustanini. Tulikaa kwenye kibaraza cha tembe kwa sababu chumba cha reli kilikuwa na wanafunzi wanagonga kengele.

"Njoo na Mama," akasema. "Nyumba niliyopata ina vyumba vitatu na maji ndani. Nitakwenda kwa wazee wako kama inavyotakiwa, na mambo ya dini tutayazungumza kama watu wazima. Sitaki tuwe watu wa kukutana kwenye kopo."

Nikamwambia nitamwuliza Mama.

Mama alikataa palepale. "Itigi kuna nini? Kichaka. Mimi nimezaliwa kwenye upepo. Kwenye kile kichaka nitazibwa pumzi."

Nilimpigia nikamwambia Mama amekataa. Akasema atangoja, mtu mzima haharakishwi. Akawa anapiga kila Jumapili jioni. Aliniambia vichaka vya Itigi ni vinene mpaka mbuzi anapotea hatua kumi kutoka nyumbani, treni ikipita vyombo vinatikisika kabatini, ameshaficha makopo matatu na nyuki wameingia katika moja. Mwisho wa kila mazungumzo aliuliza, "Mama anasemaje?"

"Bado hajakubali."

Hapo ndipo ninapotaka kusema ukweli, kwa sababu miaka yote hii nimewaacha watu waamini vingine.

Mwezi wa nne baada ya yeye kuondoka, dada yangu alikuja kututembelea kutoka Kinyangiri. Siku ya pili yake, asubuhi, nikiwa namwogesha Mama, aliushika mkono wangu kwa mkono wake mzima.

"Dada yako atanichukua. Tumeshazungumza. Kinyangiri kuna upepo. Nenda."

"Niende wapi, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Nimepooza mkono, sijapooza akili."

Nikaendelea kummwagia maji. Nikasema tutaona. Siku ile nzima nilijipa sababu: Kinyangiri hospitali iko mbali, dada ana watoto wengi, mkuu wangu anastaafu na bila mimi vibao vitaachwa nusu. Jumapili simu ilipolia nilitoka nje ili Mama asisikie. Tuliongea kuhusu mvua. Akauliza, "Mama anasemaje?"

"Bado hajakubali," nikasema.

Nilisema hivyo Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Mama alinifungulia mlango, mimi nikaushikilia kwa nje nikisema umefungwa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilimtaka. Nilikuwa nikishinda wiki nzima nakusanya vitu vya kumwambia. Lakini nilikuwa nimezoea kumtaka kutoka mbali, Jumapili kwa Jumapili, na nilimwona akilini akinitazama kila siku, asubuhi nikiwa sijapiga mswaki, jioni nikiwa nimechukia, akigundua kwamba sina mengi zaidi ya yale aliyokwisha kuyasikia. Mwanamke wa miaka ishirini angekwenda. Mimi nilikuwa na umri wa kujua kinachoweza kuharibika.

Mama hakunisukuma. Dada alirudi kwake peke yake. Simu za kila Jumapili zikawa Jumapili moja moja, kisha zikawa ujumbe, na ujumbe ukawa wa kopo tu. Kifuniko bado kinakaza? Daftari limejaa? Nilijibu kwa uaminifu. Kifuniko kinakaza. Zimebaki kurasa tisa.

Mama alifariki baada ya masika mbili, adhuhuri, akiwa amekaa kibarazani na jirani. Mpima ardhi alikuja siku ya tatu ya msiba. Nilimwona akiingia uani, amevaa koti, amenenepa kidogo usoni. Alikaa na wanaume, akala walichokula. Alipokuja upande wetu kutoa pole, dada yangu alimtambua kutokana na alivyosimuliwa.

"Kumbe ndiye wewe," dada akasema, bila ubaya wowote. "Mama alikungoja sana. Nilipokuja ile siku nimchukue ili mwenzako awe huru aje Itigi, alikuwa ameshafungasha nguo zake. Sijui ninyi mlishindwana wapi."

Mpima ardhi alinitazama mimi. Alimpa dada mkono, akanipa mimi, akatoka. Nilimfuata hadi nje ya uzio, alikokuwa ameegesha gari.

"Ulikuwa unaniambia hajakubali," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa amekubali."

"Alikubali mapema."

Alivua kofia, akaivaa tena. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ungeniambia unaogopa," akasema. "Hilo ningelielewa. Ningekuja nikaogopa na wewe." Kisha akatazama barabarani. "Nimeshachumbia. Mwezi wa kumi tunafunga ndoa."

Nilimwambia hongera. Nilimaanisha, na nilitaka ardhi inifunike, yote mawili kwa wakati mmoja. Wanawake waliniita ndani kwa sababu maji ya chai yalikuwa yamechemka, nikaenda.

Walikuja bustanini mwaka jana, yeye na mkewe. Mke ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembeleza, mjamzito wa miezi kama sita. Niliwakatia tiketi. Mume alisema, "Huyu ndiye mlezi wa kopo niliyekueleza," na mke akanishika mikono yote miwili.

"Dada, anakusifu. Anasema hakuna kopo lililotunzwa kama hili."

Niliwatembeza vyumba vyote vitatu. Mke aligonga kengele. Alisoma vibao kwa sauti, kama anavyosomea wanafunzi, na nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwake, jiwe la kusagia ambalo hutumika hadi leo. Mume alikuwa mbele yetu kidogo, anatazama taa za stesheni alizokwisha kuziona mara hamsini.

Tulipofika nyuma ya tembe, mke akatoa simu, akasema hataki kusaidiwa. Sisi wawili tulibaki kivulini tukimtazama anavyozunguka majabali na tumbo lake, anapitisha vidole kwenye nyufa.

"Nimeweka jina lako mtandaoni," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kopo hili sasa ni lako. Watu wakiandika chochote, taarifa itakuja kwako, siyo kwangu."

"Asante."

"Ni haki yako tangu zamani."

Nilitaka kumwambia jambo. Lilikuwa limekaa tayari, fupi, la maneno manne au matano. Mke akapiga kelele ya furaha kutoka jabali la tatu, mumewe akaenda kumshika mkono asije akateleza. Walisaini daftari pamoja. Baadaye nilisoma alichoandika mke: tumefika watatu, mwenyeji ametupokea kama ndugu.

Wakati wa kuagana mke aliniuliza kama nimewahi kufika Itigi. Nikasema sijawahi.

"Njoo msimu wa asali," akasema. "Utalala kwetu."

Nilikwenda. Sikwenda kulala kwao. Nilichukua ruhusa ya siku moja, nikapanda basi la asubuhi, na njia nzima nilijiambia naenda kununua asali tu. Baada ya Manyoni vichaka vilianza kusogelea barabara pande zote mbili, vinene kama alivyosema, na Mama nikamwelewa. Pale hakuna upepo. Hewa inakaa kama mtu aliyeshika pumzi.

Niliteremka karibu na stesheni. Nilikuwa na namba yake kwenye simu. Nilijua anafanya kazi ofisi gani na kwamba saa ile ningemkuta mezani. Nilikaa kwenye benchi nikiwatazama watu wanaongoja treni na mizigo yao, nikamwazia akipita pale kila siku akitoka sokoni, ameshika mkate, anawasalimu watu kwa majina. Miaka mitatu nilikuwa nimeuwazia mji huu kupitia sauti yake, na karibu kila kitu nilikiwazia vibaya. Nilidhani reli iko juu, kumbe imelala chini sawa na ardhi. Nilidhani mji una kelele.

Kisha nikafungua ule mchezo kwenye simu. Makopo yake matatu yalionekana. Moja lilikuwa mita mia nne kutoka nilipokaa. Nikatembea, bila haraka, mshale unanipeleka kandokando ya reli, nikavuka, nikafuata njia ya mbuzi hadi kwenye nguzo ya zamani ya simu iliyokatwa ikabaki kisiki. Nililipata upesi. Namjua anavyoficha: huweka kitu kinyume, nawe ukitafuta kilicho kinyume umemaliza kazi.

Kwenye daftari palikuwa na majina kama kumi na tano. La mkewe lilikuwa la kwanza. Nilishika penseli muda mrefu. Nikaandika tarehe na jina langu kamili, basi, nikalirudisha kopo, nikakiweka kinyume kibanzi kilicholiziba kama nilivyokikuta.

Nilipokuwa narudi, mama mmoja aliyekuwa akiuza asali chini ya turubai aliniita nionje. Ilikuwa nyeusi, nzito, ina ladha ya moshi.

"Mgeni," akasema. "Umekuja kwa nani?"

"Kwa mtu ninayemfahamu."

"Umemkuta?"

"Sikumwambia kama nakuja."

Alinitazama, akanikaribisha kigoda, akaendelea kuchuja asali yake kwenye kitambaa. Hakuniuliza tena. Nilikaa naye hadi basi la kurudi lilipofika, tukizungumza habari za mizinga, namna nyuki wanavyohama mwaka wa ukame na namna wanavyorudi au wasivyorudi. Nilinunua chupa mbili. Moja nilibaki nayo, nyingine niliipeleka Kinyangiri kwa dada yangu, na watoto wake waliimaliza kwa siku mbili wakichovya vidole.